Tumbusi na Sumu ya Zambarau

Shangazi yangu alikuwa na agroveti katika mji mdogo ulio kwenye barabara ya kwenda Mara. Jina la mji silitaji kwa sababu bado anaishi huko na duka bado lipo, ingawa siku hizi anauza zaidi chakula cha kuku. Nikiwa shule ya msingi nilipelekwa kwake karibu kila likizo. Nyumbani walisema naenda kumsaidia. Ukweli ni kwamba kwa tata kulikuwa na maziwa kila asubuhi na kwetu hakukuwa.

Kazi yangu ilikuwa kukaa kaunta tata akienda sokoni ama benki. Bei nilizijua kwa kichwa: dawa ya kupe, dawa ya minyoo, chumvi ya ng'ombe, sindano, mbegu za sukuma wiki. Na bei ya Furadan. Ilikuwa chembechembe za rangi ya zambarau, ndogo kama sukari guru iliyosagwa vibaya. Ni dawa ya wadudu na minyoo ya udongoni, unaitia shimoni pamoja na mbegu ama chini ya mgomba. Sasa ngoja nikueleze kitu. Katika mji ule hakuna mtu aliyekuwa na mgomba. Kulikuwa na wafugaji, na mashamba ya ngano ya watu wakubwa ambao hawanunui dawa kwa vipakiti. Wateja wetu wa Furadan walikuwa wazee wa shuka na fimbo, pakiti moja, pakiti mbili. Hata mtoto wa miaka tisa angejiuliza. Mimi sikujiuliza, nilirudisha chenji.

Mwezi wa tatu 2009, kipindi cha 60 Minutes cha televisheni ya CBS, Marekani, kilionyesha jinsi simba wa Kenya walivyokuwa wakiuawa kwa Furadan. Kampuni iliyoitengeneza, FMC ya huko huko Marekani, ikasema itaiondoa katika soko la Kenya na kununua tena zilizobaki madukani. Hayo nimeyasoma nikiwa mtu mzima. Nilichoona mimi likizo ya Aprili ni kwamba rafu ya chini ilikuwa tupu, na katoni moja ilikuwa imehamia chumba cha nyuma, chini ya magunia ya pumba. "Mtu akiuliza, niite," tata aliniambia. "Usitoe wewe."

Agosti nikatoa mimi.

Ukame wa mwaka ule wengi mnaukumbuka. Ng'ombe walikuwa wanakufa wakiwa wamesimama. Tata alikuwa ameenda matanga, nami niko kaunta peke yangu, akaja mzee mmoja niliyempenda kwa sababu hakuwahi kupita bila kuniachia shilingi tano ya mandazi. Akasema fisi wameingia bomani mara ya pili. Safari ya kwanza walibeba ndama. Safari hii walimng'oa ng'ombe wa maziwa kiwele, akakutwa asubuhi bado anapumua. Hakupiga kelele wala kubembeleza. Aliuliza tu kama ile dawa iko. Nilienda nyuma nikatoa pakiti mbili. Moja alilipa, nyingine nikaandika kwa kitabu cha deni, kwa mwandiko wangu.

Wiki moja hivi baadaye binamu yangu alitumwa kukusanya madeni kwa pikipiki, akanibeba. Kabla hatujafika kwa yule mzee, binamu alisimama. Mzoga wa ng'ombe ulikuwa karibu na mti wa mgunga, tumbo limefunguliwa nusu. Kilichonishangaza kwanza ni nyama. Ng'ombe akifa pande zile na tumbusi wakamwona asubuhi, jioni hukuti kitu ila mifupa na ngozi. Huyu alikuwa na nyama tele. Na kando yake tumbusi wamelala. Nilidhani wamelala. Wengine walikuwa hatua tatu tu kutoka kwa mzoga, wengine mbali kidogo, mbawa zimefunguka kama mwavuli uliogeuzwa na upepo. Mmoja alikuwa amekwama mtini, kichwa kinaning'inia. Nilihesabu hadi 41, nikachanganyikiwa, nikaanza upya, binamu akasema panda twende.

Fisi alikuwa mmoja.

Tata hakunichapa. Aliuliza tu, "Nderi wote hao?" Nderi ndilo jina la tumbusi kwetu Ukikuyuni. Kisha akatoa kile kitabu cha deni, akalipiga mstari lile jina, ikawa basi.

Naandika haya kwa sababu nimejaribu mara kadhaa kuandika historia ya tumbusi wa Kenya bila kuliweka lile duka ndani, na kila mara nilijiona nadanganya. Historia za uhifadhi wetu huwa na mwindaji haramu mwenye bunduki, tajiri wa ng'ambo anayenunua pembe, askari wa wanyamapori shujaa. Tumbusi hakufa hivyo. Hakuna aliyemwinda na hakuna aliyepata hela kwa kifo chake, ukitoa bei ya pakiti mbili.

Nianze na majina, manake Kiswahili chetu cha Kenya kimewachanganya ndege hawa. Tai ni yule anayeua mwenyewe. Tumbusi hula alichokuta kimekufa. Lakini watu wengi wanawaita wote tai, na Nairobi ukimwonyesha mtu yule ndege mrefu mwenye kipara na mfuko shingoni, wale waliokuwa wamejaa kwenye migunga ya Nyayo Stadium, atakwambia ni vulture. Siye. Yule ni marabou, wa ukoo wa korongo, na jalala likiwepo hana shida na mtu. Tumbusi wa kweli tuna aina nane hapa Kenya. Wapo wa mgongo mweupe, wanaojenga juu ya miti. Yupo wa Rüppell, anayetaga kwenye majabali kama ya Kwenia kule Kajiado na ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Huyu wa Rüppell ndiye mwenye rekodi ya ndege wote duniani kwa kupaa juu: Novemba 1973 mmoja aligongwa na ndege ya abiria juu ya Abidjan, futi 37,000 kutoka ardhini. Tumbusi mwenye ndevu, yule anayeangusha mifupa juu ya mawe ipasuke ale uboho, naye alikuwa akitaga Hell's Gate. Sasa hatagi hapo.

Maisha yao ndiyo yanawafanya sumu iwamalize vibaya. Tumbusi huwa hamtafuti mzoga kwa pua. Wamejitandaza angani, kila mmoja anamwangalia mwenzake wa mbali. Mmoja akikunja mbawa na kushuka, jirani anaona, anakuja, na jirani wa jirani pia. Katika muda mfupi sana mzoga mmoja umekusanya ndege wa eneo zima. Utaratibu huu ni mzuri ajabu nyama ikiwa safi. Nyama ikiwa na carbofuran, ambayo ndiyo kiini cha Furadan, wa kwanza anaanguka wakati wa hamsini bado anashuka, kwa sababu anachokiona kutoka juu ni mwenzake aliye mezani. Sumu hiyo inavuruga mishipa ya fahamu, misuli haipati tena amri ya kulegea, pumzi inakwisha. Halafu uzazi wao ni wa polepole. Wale wakubwa hutaga yai moja tu kwa mwaka, na kifaranga huchukua miaka kadhaa kabla naye hajataga. Wale 41 niliowahesabu siwezi kukwambia walichukua miaka mingapi kurudi, ama kama walirudi.

Usifikirie kwamba kutia sumu kwenye mzoga ni mila ya wafugaji. Kabla ya Furadan kulikuwa na strychnine, na iliingia na walowezi. Katika ranchi za enzi ya mkoloni fisi, mbwa mwitu na hata simba walihesabiwa kama waharibifu, na kuwawekea nyama yenye sumu ilikuwa kazi ya kawaida ya mwenye ng'ombe. Mmaasai mwenye ng'ombe aliyeliwa alikuwa na mkuki na marika yake. Alimfuata simba kwa miguu, na simba akipona amepona. Vita vile vilikuwa kati ya wawili wanaoonana. Serikali ya mkoloni na zilizofuata zikaona uwindaji ule ni ushenzi na kosa la jinai. Uwindaji wa aina zote ulipigwa marufuku 1977. Mkuki ukawekwa chini, ng'ombe wakaendelea kuliwa, na kwenye kaunta ya duka palikuwa na kitu cha bei nafuu, kisicho na kelele, kisichohitaji vijana ishirini. Sisemi turudi kwenye mkuki. Nasema tu kwamba tulipofunga mlango ule hatukuuliza watu watatokea wapi.

Na tulikuwa na shughuli nyingine. Miaka ya sabini na themanini ilikuwa ya ndovu na kifaru. Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu katika mbuga ya Nairobi, picha zikazunguka dunia, na hapo ndipo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likapata sura yake. Ilikuwa kazi kubwa, siidharau. Lakini tumbusi walikuwa sehemu ya mandhari tu. Wageni waliwapiga picha wakiwa wamemaliza simba.

Bahati yetu ni kwamba kuna watu waliokuwa wakihesabu. Ndio sehemu ya historia hii ninayoipenda, kwa sababu haina mbwembwe hata kidogo. Kenya ilikuwa na desturi ya kuwatazama ndege wawindaji tangu Leslie Brown, ofisa wa kilimo Mskoti aliyefika Embu miaka ya arobaini, akakuta kilima kimoja chenye viota vya aina kadhaa za tai na kukifuatilia miaka na miaka. Kisha miaka ya sabini, kati ya 1970 na 1977, watafiti waliendesha gari polepole kwenye barabara zetu wakiandika kila ndege mwindaji waliyemwona. Kazi ya kuchosha! Unaendesha, unasimama, unaandika: mwewe mmoja, tumbusi watano, kipanga. Wakati ule hesabu zile hazikumshtua mtu. Ndege walikuwa wengi.

Zikaja kushtua baadaye. Mwaka 2011 Munir Virani, Mkenya aliyewahi kuwatafiti tumbusi wa Pakistan, alichapisha na wenzake hesabu za Mara. Walilinganisha za kati ya 1976 na 1988 na walizofanya wenyewe 2003 hadi 2005. Tumbusi walikuwa wamepungua kwa takriban asilimia 60. Hapa tunazungumzia Mara, mahali panapolindwa kuliko karibu pote nchini! Mwaka 2022 Darcy Ogada na wenzake wakazirudia zile barabara za miaka ya sabini kwenye karatasi, wakaziweka kando ya hesabu za 2003 hadi 2020. Kati ya aina 22 za ndege wawindaji, 19 zilikuwa zimepungua, baadhi kwa asilimia 20 na baadhi kwa asilimia 95. Si tumbusi tu. Ni tai, ni vipanga, ni ndege ambao bibi zetu walikuwa wakiwafukuza wasichukue vifaranga, na wewe jiulize mara ya mwisho ulisikia lini mama akipiga mayowe kwa sababu ya mwewe.

Bara zima lilikuwa hivyo hivyo. Watafiti walipokusanya vifo vya tumbusi zaidi ya 7,000 vilivyoripotiwa katika nchi 26 za Afrika, asilimia 61 vilitokana na sumu na 29 na biashara ya viungo kwa ajili ya uganga. Oktoba 2015 IUCN, shirika linalotunza orodha ya viumbe walio hatarini, iliwasogeza tumbusi wanne wa Afrika hadi ngazi ya mwisho kabla ya kutoweka porini: wa mgongo mweupe, wa Rüppell, wa kofia na wa kichwa cheupe. Miezi miwili baadaye, Desemba, simba wa kundi la Marsh kule Mara, waliokuwa nyota wa vipindi vya BBC, walitiliwa sumu. Simba jike mzee anayeitwa Bibi akafa, na dunia ikamlilia kwa jina. Tumbusi walikufa pia. Walitajwa mwishoni mwa habari.

Nilijifunza mengi ya haya chuoni, na hapo pia nina deni la kueleza. Nilisomea usimamizi wa wanyamapori kwa miaka miwili na nusu. Sikumaliza. Karo ilikwama, nikaambiwa nirudi nikiwa na salio, salio halikupatikana, nikaanza kuandika vitu vya kulipwa kwa maneno, na hadi leo ndio kazi yangu. Sijutii sana. Lakini kuna muhadhara mmoja sijausahau. Mwalimu alitueleza jaribio lililofanywa Laikipia, matokeo yakatoka 2012. Watafiti waliweka mizoga ya mbuzi porini, mingine tumbusi wakifika, mingine bila. Pasipo tumbusi mzoga ulichukua karibu mara tatu ya muda kuisha. Wanyama kama fisi na mbweha waliofika hapo waliongezeka mara tatu, na walikaa muda mrefu zaidi wakigusana. Mwalimu akauliza darasa: hiyo ina maana gani kwa magonjwa? Mimi nilikuwa naona ng'ombe mwenye tumbo la nusu, chini ya mgunga.

Jibu lake lilishajulikana India. Huko tumbusi walikuwa mamilioni, wanakula mizoga ya ng'ombe katikati ya vijiji. Miaka ya tisini wakaanza kuanguka mitini, na hakuna aliyejua kwa nini. Mwaka 2004 timu iliyofanya kazi Pakistan, Virani akiwa mmoja wao, ilionyesha kwamba ni diclofenac, dawa ya maumivu, hii hii tunayomeza mgongo ukiuma. Ng'ombe walidungwa, wakafa, tumbusi wakala, figo zao zikaharibika. India, Pakistan na Nepal zikaipiga marufuku kwa mifugo 2006, lakini ndege walikuwa wameshaisha karibu wote. Mizoga ikabaki kwa mbwa, mbwa wakaongezeka, na kichaa cha mbwa nacho. Wachumi wawili, Eyal Frank na Anant Sudarshan, walichapisha 2024 hesabu yao: kati ya 2000 na 2005 kutoweka kwa tumbusi kulisababisha vifo vya ziada vya watu wapatao 500,000 nchini India. Nusu milioni. Ndege ambaye hakuna mtu angempa hata kikombe cha maji.

Hilo la kumdharau lina historia yake hapa kwetu pia. Wakati uchunguzi wa Mara ulikuwa mpya kabisa, mapema 2012, Boniface Mwangi na wachoraji wenzake waliamka usiku wakachora ukuta karibu na City Market, Nairobi. Mbunge amechorwa kama tumbusi mwenye suti, amekaa kwa starehe, anacheka. Kampeni yenyewe ikaitwa MaVulture. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na nilifurahi kama kila mtu. Ilikuwa michoro mizuri, na hasira ilikuwa ya haki. Ila nikiifikiria sasa naona tulimkosea mmoja wao, na si mbunge. Tumbusi hanyang'anyi mtu. Anakula kilichokwisha kufa, na anapoondoka mahali pamekuwa safi. Mbunge gani huyo?

Basi, nini kinafanyika? Kidogo kidogo mambo yanafanyika, na mengi hayafanani na uhifadhi wa ndege hata kidogo. Ndege hawa huwezi kuwazungushia ua. Tumbusi wa Mara waliofungwa vifaa vya setilaiti walionekana wakitoka hifadhini kila mara, wanaingia Tanzania, wengine wanafika mpaka Ethiopia. Kwa hiyo mashirika kama The Peregrine Fund na Lion Landscapes yamekuwa yakiwafundisha askari wa mbuga, machifu na wafugaji jinsi ya kuwahi mzoga wenye sumu: kuuzuia, kuuchoma ama kuuzika kabla ndege hawajashuka, kuchukua sampuli, kupiga simu. Kijana mwenye pikipiki na jembe anaweza kuokoa tumbusi wengi kuliko daktari yeyote. Kajiado kuna mitambo ya upepo ya Kipeto, 60, iliyoanza kuuza umeme 2021, na hapo kuna watu wanaokaa na darubini kutwa ili tumbusi akikaribia mtambo usimamishwe. Nyaya za umeme nazo zinaua, na hizo hatujazishughulikia inavyotakiwa.

Lakini dawa kubwa ya tumbusi, ukiniuliza mimi, ni zizi la mbuzi. Zizi la miiba fisi hulipenya. Lenye nguzo imara, waya wa wavu na taa hapenyi kirahisi, na asipopenya hakuna anayeenda dukani. Fidia ipo katika sheria ya wanyamapori ya 2013, hata ya mifugo, na mtu akiuawa familia inastahili shilingi milioni 5. Kupata ni jambo lingine. Fomu zinajazwa, zinapelekwa, zinakaa miaka. Mtu ambaye ng'ombe wake ameliwa jana halali na fomu.

Mwaka jana nilirudi kule. Nilimtafuta yule mzee, nikamkuta, macho yamepungua nguvu lakini kumbukumbu iko sawa. Nilimsalimu kama inavyostahili, nikainamisha kichwa akanigusa, tukanywa chai. Nikamkumbusha zile pakiti mbili. Alinyamaza muda.

"Nilikuwa nataka fisi," akasema.

"Najua, mzee."

"Wale ndege sikuwafikiria. Hakuna mtu anafikiria ndege." Kisha akaniambia kitu ambacho sijakisoma popote. Zamani, alisema, ng'ombe akipotea na kufia mbali, walikuwa wanaangalia angani. Ndege wakizunguka mahali, unajua pa kwenda, unaenda unajua ni nini kimemuua, ni ugonjwa ama ni simba. Siku hizi anapotea na kuoza bila habari. "Mbwa ndio wanatuletea habari," akasema, "wakirudi na mguu."

Nilitaka kumwambia kwamba majangili nao walilijua hilo, kwamba kuna nchi wanatia sumu makusudi ili ndege wasiwaonyeshe askari ndovu aliuawa wapi, kwamba Botswana Juni 2019 walikufa tumbusi 537 kwa siku chache kwa sababu hiyo. Sikumwambia. Alikuwa ameshaanza kuniuliza kama nimeoa.

Jioni nilikaa na tata dukani. Nilimweleza naandika kuhusu Furadan, na kuhusu lile katoni la chumba cha nyuma. Alikasirika kidogo. "Kwa hivyo mimi ndiye nilimaliza nderi wa Kenya?" Nikamwambia hapana tata, nilitoa mimi. "Ulitoa wewe, lakini niliiweka mimi. Na walioitengeneza waliniletea. Na huyo mwenye ng'ombe, ungemwambia nini?" Sikuwa na jibu, na yeye hakulingoja. Alikuwa ananipimia pumba ya kupelekea kuku wa mama.

Akaingia kijana mmoja wa miaka kama yangu, na kofia ya pikipiki mkononi. Akasalimia. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama ile dawa ya fisi iko.

"Hakuna hiyo hapa," tata akasema. Akaendelea kupima. Kisha akauliza, "Wamekula nini?"

"Mbuzi wanne."

"Boma lako umejenga na nini?"

"Miiba."

Tata akamwonyesha roli ya waya iliyoegemea ukutani, ile ya wavu. Kijana akauliza bei. Alipoambiwa alicheka, si kwa ubaya, akapiga hesabu kwa simu yake, akaangalia ile roli tena. Akanunua sindano mbili na dawa ya minyoo, akasema atarudi mwisho wa mwezi.